UZI: Rampu haipunguzi kazi, inapunguza nguvu. Na kurefusha ubao peke yake hakutoshi

Wakuu salama humu. Leo naomba tuongelee rampu, ule ubao au lile bati zito unaloliegemeza ili upandishe mzigo, kwa sababu kila nikisoma watu wanabishana kuhusu mashine rahisi naona mjadala unaishia pale pale, "gawanya urefu kwa kimo upate manufaa ya kimakanika", yaani nguvu yako inazidishwa mara ngapi, basi, imeisha. Hiyo fomula ni ya kweli kabisa ila ni ya ubao usio na msuguano, na mtu akienda nayo kwenye mzigo wa kweli anakuta namba zinamkatalia, anaondoka anasema fizikia ni ya darasani tu. Fizikia haina kosa hapo, ameachiwa nusu ya hesabu.

Tuanze na ile nusu inayojulikana. Chukua sanduku la kilo 200, uzito wake ni nyutoni 2000 tukichukua mvutano wa dunia kuwa 10. Unataka kulipandisha mita 1.2 kwenda juu. Ukilinyanyua moja kwa moja unahitaji nyutoni 2000 na kazi utakayofanya ni 2000 mara 1.2, yaani jouli 2400. Sasa leta ubao wa mita 3.6. Urefu gawanya kwa kimo unapata 3, kwahiyo kama hakuna msuguano unasukuma kwa nyutoni 667 tu, theluthi ya uzito. Lakini umesukuma kwa mita 3.6 badala ya 1.2, zidisha uone, jouli zinarudi kuwa 2400 zile zile. Hakuna kilichookolewa. Ulichofanya ni kubadilishana tu, umetoa umbali ukapewa unafuu wa nguvu. Na unafuu huo ndio unaoutaka kwa sababu mtu anaweza kufanya jouli 2400 kidogo kidogo bila shida, ila hawezi kunyanyua kilo 200 kwa mkupuo.

Sasa ile nusu nyingine. Sanduku linalala kwenye ubao, ubao unalisukuma kwenda juu, na pale yanapogusana kuna msuguano. Wahandisi wanaupa namba, wanaiandika μ, ambayo ni nguvu ya msuguano ukiigawanya kwa nguvu inayokandamiza sehemu mbili zinazogusana. Mbao kwa mbao kavu ukichukua 0.3 hujakosea sana. Fomula kamili ya kusukuma kwenda juu ni uzito mara (saini ya pembe + μ mara kosaini ya pembe). Ile saini ndio kimo kwa urefu, theluthi kwa ubao wetu. Kosaini, yaani umbali wa mlalo kwa urefu wa ubao, ni 0.943. Ukiingiza zote unapata nyutoni 1232.

Rudieni hapo msome tena. Tuliahidiwa 667, tumepata 1232, karibu mara mbili. Manufaa ya kimakanika yaliyoahidiwa ni 3, ya kweli ni 1.62. Kazi uliyofanya ni jouli 4435 hivi na kati ya hizo ni 2400 tu zilizoingia kwenye kupandisha mzigo, zilizobaki zimeishia kuwa joto kwenye ubao na chini ya sanduku. Ufanisi ni asilimia 54.

Mtu wa kawaida hapo anasema sawa, nirefushe ubao. Haya turefushe mara mbili, mita 7.2. Fomula ya darasani inakwambia nguvu itashuka nusu mpaka 333. Ukiweka msuguano inakuja 925. Umeongeza mita 3.6 nzima za ubao na umepata unafuu wa nyutoni 307, na kazi yako sasa imepanda mpaka jouli 6660, ufanisi asilimia 36. Unachoka zaidi! Alafu mbaya zaidi ni kwamba hata ubao ukiurefusha mpaka uwe karibu na usawa wa ardhi, nyutoni 600 haziondoki, kwa sababu hizo ndizo za kuburuta sanduku kwenye sakafu tambarare, 0.3 mara 2000. Urefu wa ubao hauna mamlaka juu ya hizo 600.

Sasa chukua ule ubao wa kwanza wa mita 3.6, usiurefushe hata kidogo, ila weka magurudumu mazuri chini ya sanduku, ule ukinzani ushuke mpaka 0.03. Nguvu inakuwa nyutoni 723. Ubao mfupi wenye magurudumu umeupita ubao mrefu mara mbili usio nayo, tena kwa mbali. Hiki ndicho kilichonifanya nifungue huu uzi wakuu. Kabla hujatafuta ubao mrefu shughulika na kinachogusana. Magurudumu, mabomba ya kuviringisha, sabuni, grisi, hata kufagia tu mchanga na vipande vya kokoto juu ya ubao. Urefu unakuja baadaye.

Kuna kitu kingine hakisemwi. Ubao ukiwa mwembamba, mzigo ukifika katikati unabonyea. Watu wanaona ni suala la kuvunjika tu, hapana, ukibonyea pembe inabadilika, nusu ya chini inalala na nusu ya juu inasimama zaidi. Ndio maana mzigo unaenda vizuri mwanzoni alafu ukipita katikati unakuwa mzito ghafla mnaanza kuulizana nani kaachia. Hakuna aliyeachia, mnapanda mlima mwingine sasa. Na hapo hapo mkisimama kupumua ndio mmejimaliza, kwa sababu msuguano wa kitu kilichosimama ni mkubwa kuliko wa kitu kinachotembea, kuanza tena kunataka nguvu ya ziada na mko sehemu mbaya kuliko zote. Wekeni kigogo cha kuegemeza ubao katikati kabla ya kuanza.

Karibuni tuchangie.

---

mpenda_hesabu:
Mkuu uzi mzuri sana huu. Nina swali moja, hivi kuna pembe ambayo rampu inakuwa haina maana kabisa? Yaani ukisimamisha sana ubao si bado inakuwa nafuu kuliko kunyanyua? Maana saini haizidi moja.

---

Mleta uzi:
Swali zuri mno mkuu na jibu lake huwa linashangaza watu. Ndio ipo, na inakuja mapema kuliko unavyodhani.

Saini haizidi moja, kweli, lakini kumbuka unalipa saini jumlisha msuguano, na hiyo jumla inaweza kuizidi moja bila shida. Chukua ile pembetatu ya 3, 4 na 5 ambayo kila mtu anaijua. Kimo 3, urefu wa ubao 5. Saini ni 0.6, kosaini 0.8. Chukua μ ya 0.5, tuseme ubao mkwaruzo na sanduku lenye chini pabaya. 0.6 jumlisha nusu ya 0.8 ni 0.6 jumlisha 0.4, jibu ni 1. Moja kamili! Unasukuma kwa nguvu sawa sawa na uzito wote wa sanduku. Ubao wako wenye manufaa ya 1.67 kwenye karatasi haukupi chochote, bora ungefunga kamba ukalivuta wima. Hiyo pembe ni nyuzi karibu 37 tu, wala sio mwinuko wa kutisha. Ukipandisha zaidi inakuwa mbaya zaidi, ukifika nyuzi 63 hivi unahitaji asilimia karibu 12 zaidi ya uzito wenyewe. Alafu ndio inaanza kushuka tena kurudi kwenye moja ukifika wima.

Kwahiyo rampu kali yenye msuguano mkubwa inakuumiza kuliko kutokuwa na rampu. Mtu akikwambia "mashine rahisi siku zote inarahisisha" mpe hiyo pembetatu aipige mwenyewe.

---

dereva_lori:
Nimesoma yote. Mimi nipo kwenye kupakia na kupakua kila siku na hicho cha ubao kubonyea ni kweli tupu, mbao mbili zilizofungwa pamoja kwa kusimama ubavu zinabeba vizuri kuliko moja pana iliyolala. Ila mkuu umesifia magurudumu bila kusema ubaya wake. Mzigo wa kuburuta ukikushinda unakaa. Wa magurudumu ukikushinda unarudi na wewe uko nyuma yake. Waambie watu hilo, ni maisha ya watu hayo.

---

Mleta uzi:
Ahsante sana kaka, hili lilipaswa lipewe nafasi yake na acha nilipigie hesabu ili kila mtu aone ukubwa wake.

Tumia sanduku lile lile na ubao ule ule wa mita 3.6. Linalolivuta chini ni theluthi ya uzito, nyutoni 667. Likiwa la kuburuta, msuguano unashikilia mpaka 566, kwahiyo ukiachia linateleza lakini kinachobaki ni nyutoni 100 hivi tu, mtu mmoja akiegemea anazuia. Likiwa kwenye magurudumu msuguano unashika 57 tu, kwahiyo linarudi kwa nyutoni 610, ni kama kilo 61 zinaning'inia kwenye kamba mkononi mwako, na kila sekunde unayochelewa linaongeza kasi. Mtu mmoja hawezi kulisimamisha likishaanza.

Kwahiyo sheria ni hizi na naziandika kwa herufi ndogo lakini mzichukulie kwa uzito: usisimame mstari wa chini ya mzigo, kaa ubavuni au vuta kutoka juu kwa kamba. Awepo mtu ambaye kazi yake ni moja tu, kusogeza kabari nyuma ya gurudumu kila mzigo unapopanda hatua, na asukume kabari kwa kipande cha mti chenye mpini, mkono usiingie. Kamba ya juu izungushwe kwenye nguzo au ndoano mara mbili tatu, hapo msuguano wa kamba kwenye nguzo unakushikia mzigo na mtu mmoja anaweza kuudhibiti.

Msuguano ule ule ulioniibia jouli 2000 wakati wa kupanda ndio uliokuwa unanilinda wakati wa kusimama. Ukiuondoa lazima uweke kitu kingine mahali pake.

---

mwl_fizikia:
Habari za wakati wanajukwaa. Mimi ni mwalimu, nimefurahi kuona mada hii. Naomba nichangie kidogo upande wa historia maana wanafunzi huwa wanadhani vitu hivi vilijulikana tangu zamani vyote.

Heron wa Alexandria, mtaalamu wa Kigiriki wa karne ya kwanza, alipoorodhesha mashine rahisi alitaja tano: wenzo, roda, kabari, skrubu, na gurudumu na ekseli yake. Mwinamo, yaani hii rampu yetu, hakuuweka. Watu walikuwa wanautumia maelfu ya miaka, ila hakuna aliyeweza kusema kwa usahihi ni nguvu kiasi gani inahitajika. Pappus, huyo ni mwanahisabati wa karne ya 4, alijaribu akakosea. Jibu sahihi linaonekana kwenye maandishi yanayohusishwa na Jordanus de Nemore karne ya 13 huko Ulaya.

Lakini uthibitisho mzuri kuliko wote ni wa Simon Stevin, kitabu chake cha mwaka 1586. Chukua pembetatu imesimama, upande mmoja mrefu mara mbili ya mwingine. Ivishe mkufu wa mipira 14 iliyo sawa kwa uzito na kwa nafasi. Mipira 4 inakaa upande mrefu, 2 upande mfupi, 8 inaning'inia chini. Je mkufu utazunguka? Ukisema ndio, basi ukizunguka hatua moja mpangilio unabaki vile vile, kila mpira umechukua nafasi ya mwenzake, kwahiyo utaendelea kuzunguka milele wenyewe, na hilo haliwezekani. Basi umetulia. Sasa ile 8 ya chini inavuta sawa kushoto na kulia, ikate uitoe. Kilichobaki bado kimetulia: mipira 4 kwenye mteremko mrefu inasawazishwa na 2 kwenye mteremko mfupi. Yaani upande ukiwa mrefu mara mbili, mpira mmoja unavuta nusu. Hakuna saini, hakuna mizani, na sheria imepatikana. Kila nikifundisha hii darasa linanyamaza kwanza.

---

Mleta uzi:
Mwalimu heshima yako. Huo mkufu ndio kitu kizuri kuliko vyote katika mada hii na nashauri kila anayesoma achukue karatasi auchore, ukiuchora na kuhesabu mipira unaelewa kitu ambacho fomula haikupi. Stevin hakupima chochote, alianzia kwenye kitu kimoja tu, kwamba mwendo wa bure wa milele haupo, akakitoa jibu humo.

Na niongezee hapo kwako mwalimu, Galileo alikuja kuutumia mwinamo kwa kazi tofauti kabisa. Kitu kinachoanguka wima kinaenda haraka mno kupimika kwa vifaa vya wakati wake, kwahiyo akaviringisha mpira kwenye mfereji laini uliolazwa kidogo, mwendo ukawa wa taratibu akaweza kupima muda kwa maji yanayotiririka kutoka kwenye chombo. Akapata kwamba umbali unaenda na mraba wa muda, na akachapisha mwaka 1638.

---

mpenda_hesabu:
Mwalimu shikamoo. Na mleta uzi, swali jingine. Je sanduku likiwa na kitako kipana zaidi msuguano unaongezeka? Na pia nilitaka kujua kuhusu jeki ya skrubu, nasikia nayo ni rampu.

---

mwl_fizikia:
Marahaba kijana. Hilo la kitako nikujibu mimi: kwa vitu vigumu kama mbao na chuma, hapana, karibu hakuna tofauti. Kitako kikiwa kipana uzito unasambaa, kila sehemu inakandamizwa kidogo, jumla inabaki ile ile. Kwa mpira laini kama tairi au ardhi tope hesabu inabadilika, usiipeleke huko. La jeki namwachia mleta uzi.

---

Mleta uzi:
Jeki ya skrubu ni rampu iliyozungushwa, ndio. Kata karatasi umbo la pembetatu, izungushe kwenye penseli, ule ukingo wa mshazari unakuwa meno ya skrubu. Mzigo unapanda ule mteremko kwa kuzunguka badala ya kwenda mbele, na mteremko mrefu sana umekunjwa ukaenea kwenye kitu cha kushika mkononi.

Ukitaka namba chukua bolti ya kawaida ya M10, yaani ya kipenyo cha milimita 10. Jino moja mpaka jingine ni milimita 1.5. Kipenyo pale katikati ya jino ni kama milimita 9, mzunguko wake milimita 28 hivi. Kwahiyo unapanda 1.5 kwa kila 28, mteremko wa nyuzi 3 tu, umelala kweli kweli. Sasa weka spana ambayo mkono wako unachora duara la nusu kipenyo sentimita 20. Mkono unatembea milimita 1257 kwa mzunguko, bolti inasogea 1.5. Gawanya, unapata kama 838. Kwenye karatasi kilo moja mkononi inakandamiza kwa kilo 838.

Kwenye karatasi. Sasa njoo kwenye hali halisi, wahandisi wana kanuni yao ya makadirio kwamba ukikaza bolti, kama asilimia 50 ya juhudi inaishia kwenye msuguano chini ya kichwa au nati, asilimia 40 kwenye msuguano wa meno, na 10 tu ndio inaivuta bolti na kukaza. Kumi! Ndio maana bolti iliyopakwa mafuta na kavu haziwezi kukazwa kwa kipimo kile kile cha spana, ukiipaka mafuta alafu ukatumia kipimo cha kavu unaweza kuikata, kwa sababu umepunguza mwizi na zile nguvu zote zimeenda kwenye chuma.

Na hapa kuna kitu nakipenda sana. Jeki ukiacha kuzungusha mpini, gari halirudi chini. Kwanini? Msuguano unashikilia kuliko mteremko unavyovuta. Basi fikiria: kama msuguano ni sawa au zaidi ya mvuto wa mteremko, maana yake wakati unapandisha unalipa vyote viwili kwa pamoja, mvuto na msuguano, na msuguano ni nusu ya malipo au zaidi. Kwahiyo mashine yoyote ya aina hii ambayo mzigo unakaa wenyewe ukiachia, ufanisi wake wakati wa kupandisha hauzidi asilimia 50. Haiwezekani kuzidi. Ukiona mtu anakuuzia jeki ya skrubu inayojifunga yenyewe bila breki wala kifungo, na anasema ina ufanisi wa asilimia 80, kimoja kati ya hivyo viwili si kweli. Zipo skrubu zenye gololi ndani ya meno, hizo zinafika asilimia 90 na zaidi, zinatumika kwenye mashine za kukata chuma kwa kompyuta, na hizo mzigo ukiwa wima lazima ziwekewe breki maana zinarudi zenyewe.

---

dereva_lori:
Safi sana. Sasa mimi naomba niwape yangu ya mapipa, ambayo nadhani inafaa hapa. Pipa hatulisukumi. Tunachukua kamba mbili, kila moja tunaifunga ncha moja juu, inashuka inapita chini ya pipa inarudi juu kwa mvutaji, alafu tunavuta. Pipa linapanda linaviringika lenyewe. Linakuwa jepesi mpaka mtu haamini. Sijawahi kujua hesabu yake.

---

Mleta uzi:
Kaka hiyo ni mbinu ya zamani na ni nzuri kupita kiasi, na hesabu yake ni hii. Pipa lenyewe limekuwa roda inayotembea. Kamba imeshikwa upande mmoja juu na upande mwingine unavuta wewe, kwahiyo ukivuta mita mbili pipa linasogea mita moja, manufaa ni 2. Na hiyo 2 inazidishwa na ya ubao. Ubao wetu ni 3, mara 2 ni 6. Pipa la kilo 200 linakuwa kama nyutoni 333 na kitu. Na kwa sababu linaviringika, haliburuzwi, ile hasara ya msuguano ni ndogo sana, kwahiyo tofauti na mifano yangu yote ya juu hapa namba ya karatasi na namba ya mkononi zinakaribiana. Mmekuwa mnafanya mambo mawili sahihi kwa pamoja, mmeondoa msuguano na mmeongeza mashine ya pili. Cha kuangalia ni kamba mbili ziwe zinavutwa sawa, moja ikitangulia pipa linageuka mshazari linatoka kwenye ubao.

---

mgeni_jukwaani:
Samahani wakuu nimechelewa. Barabara za mlimani zile za kona kona ni kitu hicho hicho?

---

Mleta uzi:
Karibu sana. Ndio ni hicho hicho, kimo hakibadiliki ila urefu umeongezwa kwa kona ili injini isukume kidogo kidogo. Mtaa wa Lombard kule San Francisco kilima chake ni cha asilimia 27, yaani unapanda mita 27 kwa kila mita 100 za mlalo, wakaweka kona 8 mwaka 1922 ili magari yaweze. Treni ndio zina shida zaidi kwa sababu chuma juu ya chuma kinateleza, gurudumu linazunguka pale pale. Ile ya mlima Pilatus huko Uswisi, tangu 1889, inapanda mpaka asilimia 48 na imewezekana kwa sababu ina gurudumu la meno linalong'ata reli ya meno. Hapo unaona kitu cha kuvutia, kwenye sanduku letu tulitaka msuguano uondoke, kwenye gari na treni bila kung'ata chini hupandi kabisa.

Na rampu za viti vya magurudumu, kanuni za Marekani zinasema kwa kila kimo 1 weka urefu usiopungua 12, na ukishapanda milimita 760 lazima kuwe na sehemu tambarare. Ile tambarare sio pambo. Nguvu imepunguzwa lakini kazi iko pale pale, na mikono inayofanya kazi hiyo inahitaji pa kupumzika bila kuanza kurudi nyuma.

---

mpenda_hesabu:
Mkuu la mwisho nakuacha. Umesema bolti mteremko wake ni nyuzi 3 na msuguano unashikilia. Mbona bolti za mashine zinalegea zenyewe?

---

Mleta uzi:
Hujanisumbua hata kidogo, hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri.

Kwa μ ya 0.15 msuguano unaweza kushikilia mteremko mpaka nyuzi 8 na nusu. Bolti yako iko kwenye 3. Kwahiyo mzigo ukitulia, hata ungekuwa mkubwa vipi, hailegei. Tatizo ni mtikisiko, na sio wowote, ule wa pembeni. Mhandisi wa Ujerumani Gerhard Junker alilionyesha hili mwaka 1969 kwa mashine ya majaribio inayotikisa vipande vilivyofungwa kwa bolti kwenda kushoto na kulia. Msuguano una mwelekeo, siku zote unapinga kule kitu kinakoteleza. Meno yakilazimishwa kuteleza kwa pembeni, msuguano wote unatumika kupinga huko pembeni, na kwa ule upande wa kuzunguka hakuna anayelinda. Hapo zile nyuzi 3 ndogo, ambazo zilikuwa zimezuiwa kabisa, zinapata nafasi ya kusogeza nati kidogo kila mtikisiko.

Unaweza kuliona kwa macho yako leo leo. Weka kitabu kwenye ubao ulioinamishwa kidogo mpaka kikae bila kuteleza. Kisukume kwa kidole kwa ubavu, kushoto kulia, usikisukume chini hata kidogo. Utaona kila ukikisogeza pembeni kinashuka kidogo. Msuguano umeenda kupigana na kidole chako, mteremko umebaki huru.

Na dereva_lori hii inakuhusu wewe moja kwa moja. Sanduku lililokaa kwenye rampu limetulia, injini ikiwa imezimwa, usilihesabu kuwa limetulia injini ikiwashwa. Mtikisiko wa gari unafanya kazi ya kile kidole. Kabari na kamba viwekwe kabla ya kuwasha, hata kama sanduku limekaa hapo nusu saa bila kusogea.